Gonga Kwanza Likiwa Kavu

Ghala hili la Kibirizi lilikuwa la mawese.
Mpaka leo, jua likichoma bati,
kuta hutoa jasho jekundu,
na tangi letu la mita kumi na mbili
limelala katikati kama mgeni aliyekosa kitanda.
Mwisho mmoja, ubao unaosukuma mawimbi.
Mwisho wa pili, lango:
la chuma, upana wa mkeka wa kuswalia,
dogo mara ishirini kuliko ndugu yake
atakayesimama siku moja mdomoni mwa Luiche
ziwa lisirudi tena mashambani.

Baba alikuwa mgonga magurudumu, stesheni ya Kigoma.
Treni ikiingia kutoka Tabora, bado inahema,
alipita ubavuni na nyundo ya mpini mrefu,
ngo, ngo, ngo,
na gurudumu lenye ufa lilijibu
kwa sauti ya chungu kilichopasuka.
Nilimpelekea uji. Nilidhani analipwa kwa kupiga kelele.

Sasa nalipwa mimi.
"Gonga kwanza likiwa kavu," asema Mhandisi Ruhomvya,
nami nagonga, kwa nyundo ndogo yenye waya mkiani.
Kompyuta inachora mlima mmoja mwembamba:
mitetemo arobaini na miwili kwa sekunde.
Tunajaza maji hadi kifuani pake. Nagonga tena.
Ishirini na sita.
Chuma kilekile, bawaba zilezile,
ila sasa kila likitikisika
linayatikisa na maji yaliyo jirani, yatake yasitake,
kama mtu anayeitika wito
akiwa na mtoto mgongoni.

Kisha mawimbi.
Siku kumi na moja tuliongeza kimo, sentimita kwa sentimita,
tukingoja lile kubwa litutishe.
Likaja, bapa kama kofi, pah!
Milisekunde nne. Hujapepesa.
Lango likatetemeka kidogo, likanyamaza.
Dagaa mmoja aliyeponyoka chujio la pampu
alipanda na kushuka nyuma ya kioo.
Jedwali halina safu yake.

Ijumaa tulipunguza mashine ili tukale.
Likaja wimbi la kimo cha kiganja,
limekumbatia hewa kifuani,
likajibanza chini ya dari ya mfereji
na mstari wa kipimo cha nne
ukapanda, ukatoka nje ya karatasi.

"Kipimo kimekufa," alisema Ruhomvya.
Leokadia akabadilisha waya. Akabadilisha gundi.
Tukalirudia wimbi lile mara tatu,
na mara tatu mstari ukatoka.
Nikaweka kiganja nyuma ya lango.
Lile kubwa lilipiga likaondoka
kabla chuma hakijajua kimepigwa.
Hili, kwa mto wake wa hewa, lilisukuma likakaa,
milisekunde ishirini na tano,
karibu muda uleule ambao lango linahitaji
kupinda.

Mwaka ziwa lilipopanda
hatukusikia kishindo nyumbani.
Liliegemea ukuta wa jikoni.
Liliegemea tu, usiku kucha,
na asubuhi mafiga yalikuwa yanaelea karibu na kitanda
(mama anakanusha: mafiga ni mawe, hayaelei.
Basi ni sufuria. Mimi niliyaona mafiga).

Jioni nilimpigia baba Mwanga.
Sikio moja ameshaliachia reli.
"Lilijibuje?"
Sikuwa na namba ambayo angeitaka.
Nikasogeza simu kwenye lango, nikagonga,
mara moja kavu, na mara moja, baada ya kujaza,
katika maji.
Kimya kirefu; nyuma yake redio ya jirani.
"Bawaba ya kushoto," akasema. "Imelegea."

Tulikagua kwa tochi, kwa spana, kwa ncha ya ulimi wa Leokadia
aliyesema chuma kilichochoka kina ladha.
Bawaba ya kushoto haikuwa na kasoro.
Baba anazeeka; kila kitu kwake ni treni.

Hata hivyo, kesho, kabla ya maji,
nitagonga tena
upande ule.